Kompyuta Iliyokataa Kulala

Kiwandani walimwita Mama Kadogo, ingawa Kadogo mwenyewe alikuwa hajaota hata jino. Kiwanda kilitengeneza dawa ya maji ya homa ya watoto, ile tamu ambayo mtoto akishaionja mara moja hujifanya mgonjwa. Mama Kadogo alikuwa katika kitengo cha ubora, kazi aliyoipata kwa cheti cha masomo ya jioni, na muda wake wa kujaribiwa kazini ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ni barua ya ajira au kwaheri ya kuonana.

Siku hiyo walikuwa wakijaribu toleo jipya la programu ya ubora. Humo ndimo kila fungu la dawa lilimoandikwa: nani kalichanganya, nani kalipima, na nani kaweka sahihi kwamba liende madukani. Sheria za dawa hazina mchezo. Programu ikibadilishwa hata chembe, lazima ithibitishwe upya kabla ya kutumika, mmoja akibonyeza na mwingine akishuhudia. Mkaguzi wa serikali ukimwambia jana ilifanya kazi vizuri, atakuuliza ya leo.

Shahidi wa Mama Kadogo alikuwa Fundi, mtu wa kompyuta, mwenye mdomo usio na likizo. Waliounda programu walikuwa wameandika kwamba safari hii wamegusa ripoti tu, basi majaribio yakapangwa ya ripoti tu. Fundi alisema kazi yenyewe ni mteremko, akaenda kunywa chai.

Ndipo kifua cha Mama Kadogo kilipoanza kujaa. Aliyewahi kunyonyesha hahitaji kuelezwa. Na mama mkwe wake, aliyekuwa akishinda na mtoto, alikwishatuma ujumbe: chupa ya mwisho imekwisha, na mume wangu anadai haki yake. Mume huyo ndiye Kadogo. Mama Kadogo akabeba mkoba wake, akakimbilia stoo ya maboksi. Huko alijikamua akiwa ameuegemea mlango kwa mgongo, kwa kuwa haukuwa na kitasa kizima.

Aliporudi, chupa bado ina joto mkobani, alikuta kioo cha kompyuta kinawaka. Jina lake liko juu pale pale, na chini yake kitufe cha kuidhinisha fungu la dawa kinamsubiri yeyote mwenye kidole.

Hakuwa ametoka kwenye programu kabla ya kuondoka. Na Bibi Ubora, mkuu wao, alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba anayeacha kompyuta wazi ameiacha nyumba yake wazi. Lakini kulikuwa na jingine. Toleo la zamani lilijifunga lenyewe usipoligusa, hata kabla chai haijapoa. Hili jipya limeachwa mpaka chupa imejaa, nalo liko macho makavu, kama Kadogo usiku wa manane.

Dawa ya kutojulikana aliijua: funga, fungua upya, endelea. Hakuna aliyemwona. Kujifunga kwenyewe hakukuwamo katika majaribio ya siku hiyo. Angebaki na kazi yake, na programu ingepita.

Ila aliwaza fungu lililokataliwa kwa kuzidi ukali, mtu mwenye haraka zake akapita, akabonyeza kwa jina la mwenzake. Nyumbani, kwenye kabati la juu, ilikuwamo chupa ya dawa hiyo, nusu yake iko tumboni mwa Kadogo.

Mficha uchi hazai, alijiambia. Nami nimeshazaa.

Fundi aliporudi akaelezwa yote. Alicheka, akidhani anataniwa, kisha akaacha kucheka. Wakaiacha kompyuta tena, safari hii makusudi, mikono magotini kama wanafunzi waliofanya kosa. Haikusinzia.

"Huyu anataka kubembelezwa," Fundi alinong'ona, akaenda kumwita Bibi Ubora.

Bibi Ubora alikuja miwani ikiwa kwenye paji la uso, akasikiliza bila kumkatiza.

"Uliiacha wazi wewe mwenyewe?"

"Niliiacha, bibi."

"Ukaenda wapi?"

"Stoo. Kumkamulia mtoto."

Bibi alishusha miwani machoni. Aliagiza wapigiwe simu waliounda programu. Bwana wa upande wa pili alishikilia kwamba wao wamegusa ripoti, basi. Fundi akampitisha ukurasa kwa ukurasa, mpaka bwana yule akaomba radhi. Toleo jipya lilikuwa limefuta mipangilio ya kiwanda na kurudisha ile ya mwanzo, na muda wa kujifunga ukaenda na maji. Likasimamishwa mpaka lirekebishwe. Na kujifunga kukaongezwa katika majaribio ya kila toleo, hata wakisema wamegusa rangi tu.

Taarifa ya tukio ilibidi iandikwe na aliyeliona. Mama Kadogo akauliza kwa sauti ndogo kama na stoo aiandike.

"Andika yote, mwanangu," Bibi Ubora alisema. "Na kosa lako liandike. Mafunzo utarudia kama mtu mwingine yeyote. Mkaguzi haogopi kiwanda chenye kosa, anaogopa kisicho na hata moja."

Kisha akachomoa kwenye funguo zake ule wa chumba cha huduma ya kwanza, akauweka kiganjani mwa Mama Kadogo.

"Wanangu walilelewa kwa maziwa ya kopo, maana sikuwa na mlango wa kufunga. Na hiyo sura ya msiba iondoe. Barua yako ya ajira naiandika kesho."

Mama Kadogo akaufumba ufunguo kiganjani. Akashukuru kwa kichwa.

Jioni mama mkwe alimpokea mlangoni, mtoto begani. Mama Kadogo alimpa chupa, akamshika mkono na kusema asante, mama, mpaka mama mkwe akashangaa.

"Asante ya nini? Mimi nimeshinda na mume wangu tu. Hata kulala amekataa."

Mama Kadogo akampokea mtoto, aliyekuwa macho makavu kabisa, akaketi naye hapo hapo kizingitini, bado amevaa viatu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kumlaza.