Taa za Krste

Tangu Juni, Zorka na mumewe Krste walikuwa wakilala katika boti yao ya mbao pale gatini, katika kijiji cha Betina. Nyumba waliipangisha, kama majirani wengi wafanyavyo: kiangazi unamwachia mgeni kitanda chako, kodi yake inakulisha majira ya baridi.

Krste alikuwa fundi mstaafu wa vivuko, na umeme wa gati hakutaka kuulipia. Aling'oa balbu za zamani zilizokuwa zikinyonya betri kama kupe, akakata mkanda wa taa za LED vipande vipande, akaviunga kwa lehemu na waya mwembamba, kisha akavifunika kwa vichupa vya haradali. Paneli ndogo ya jua ilitosha kuzilisha. Betri iliyokuwa ikikata roho kwa jioni mbili, sasa ilimaliza wiki nzima bila kulalamika. Wenye boti jirani walikuja kuchungulia, wakaondoka wakiguna kwa wivu.

Zorka hakutulia. Ule mwanga mweupe ulifanya mkate uonekane kama chokaa. Alipanga vijiko, akavipangua, akapanda juu, akashuka. Alikuwa akingoja Oktoba arudi kwake.

Mwishoni mwa Septemba, alasiri moja ya mvua, upepo wa kusini ulikuwa ukiivuta boti kwenye kamba zake. Krste alikuwa mezani, anaunga taa nyingine.

"Hiyo ya nini tena?" Zorka akauliza.

"Ya chooni."

"Choo chenyewe ukinyoosha mkono unagusa kuta zote. Taa ya kumtafuta nani humo?"

Krste akacheka puani. "Siku fupi zinakuja, mama Roko." Akapuliza lehemu ipoe. "Yule mpangaji wetu, Vjeran wa Zagreb, anaitaka nyumba mpaka Machi. Nimemwambia tutafikiri."

"Tutafikiri, wewe na nani?"

"Na wewe. Taa hatuzilipii, jiko lipo. Turudi tukawashe umeme wa vyumba vitano, watu wawili?"

Zorka aliinuka. Alivaa koti la mvua, akarukia gatini, akapanda kilima bila kugeuka nyuma.

Nyumba yake ilikuwa inawaka taa kila dirisha, na jua halijazama. Vjeran, kijana wa kazi za kompyuta, alifungua mlango akiwa na soksi tu miguuni.

"Karibu, bibi Zorka. Kuna tatizo?"

Aliingia na viatu vyake vilivyolowa. Akazima taa ya ukumbini, akazima ya stoo, mpaka akafika chumba cha Roko, mwanawe aliyehamia Dublin. Hapo mkono ulimgoma. Akaketi kitandani.

"Mzee alisema mnapenda kule botini," Vjeran alisema kwa sauti ya chini.

"Mzee anasema mengi."

"Alisema pia hiki chumba kinamkosesha usingizi. Nilidhani unajua."

Zorka alilainisha shuka isiyo yake. Kisha akainuka. "Mwisho wa Oktoba tunarudi. Tafuta pengine, mwanangu, bado mapema."

Alipofika botini maji yalikuwa yanamchuruzika kisogoni. "Nimemwambia Vjeran atoke."

"Hukuniuliza," Krste alisema.

"Nawe hukuniambia. Mtu wa Zagreb anajua kinachokunyima usingizi. Mimi nalala ubavuni mwako, sijui."

Kamba zilikorota. Krste alichomoa waya wa chombo chake cha kulehemu, akauzungusha kidoleni, akauzongoa tena.

"Kule kimya, Zorka. Huku angalau maji yanapigapiga. Sisikii kwamba hayupo."

Zorka alikaa karibu naye, koti likidondosha maji sakafuni. "Mimi nakisikia huku huku. Hicho kimya tutagawana, kila mtu na nusu yake."

Walirudi kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Juma la kwanza Krste alishuka gatini mara kadhaa, ati kukagua kamba. Wenye boti walipoanza kumwagiza taa, Zorka alihamishia meza ya ufundi ya mumewe chumbani kwa Roko bila kumwomba ruhusa. Siku nzima Krste alizunguka mlangoni kama paka mgeni, ndipo akaingia.

Usingizi wa Krste haukurudi wote. Alfajiri nyingine Zorka alisikia nyayo zake jikoni, mbele na nyuma. Mara akaamka akamwekea kahawa, mara akamwacha azunguke.