Kettle Lane Nyuma ya Pazia

Bendi ya Kettle Lane ilipopiga kwenye harusi yangu, hapa Birmingham hakuna aliyekuwa akiizungumzia tena. Walikuwa watatu. Oliver, mwimbaji na mpiga gitaa, alizaliwa mtaa wa Acocks Green, hapa hapa mjini, na alikuwa bado anaishi kwa mamake. Tejinder alipiga besi. Babake alizaliwa Nakuru, lakini mwenyewe hakujua Kiswahili. Kwenye drams alikuwa Bhavini, Mhindi wa Kisumu, aliyeletwa Uingereza akiwa msichana wa sekondari na Kiswahili chake chote kichwani.

Albamu yao ya kwanza ilisifiwa magazetini, kisha ikasahaulika, na kampuni iliyowarekodi ikawaacha. Oliver akarudi kuuza viatu. Tejinder akawa dereva wa lori la mikate. Bhavini akapata kazi kwenye duka la dawa pale Coventry Road, mtaani kwetu Small Heath, na huko ndiko alikokutana na shangazi yangu, Saido.

Shangazi ni Msomali aliyekulia Garissa, na akikasirika hujisemea kwa Kiswahili. Siku hiyo dawa yake ya presha ilikuwa imechelewa, basi akawa anawasema watu wa duka akidhani hakuna anayemwelewa.

"Pole, mama," Bhavini akamjibu kutoka kaunta. "Inakuja kesho asubuhi. Nitakupigia simu."

Tangu hapo Shangazi hakukubali kuhudumiwa na mtu mwingine.

Ilipofika harusi yangu, wanawake waliotakiwa kuja kupiga ngoma walikwama njiani kwa theluji. Ukumbi umejaa, mimi nimekaa na hina mpaka viwikoni, na hakuna muziki. Shangazi akatoa simu.

"Bhavini binti yangu, si uliniambia wewe hupiga ngoma?" Akasikiliza kidogo. "Wenzako ni wanaume? Sasa huku ni wanawake tu, watu wamevua mitandio. Wao watakaa nyuma ya pazia. Waje na masikio, macho wayaache nyumbani."

Wakaja. Pazia likafungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Bhavini akakaa upande wetu, Oliver na Tejinder upande wa pili, hawaoni hata unyayo wa mtu. Wakaanza na wimbo wao mmoja wa zamani, wenye kelele nyingi. Wageni wakakunja mikono. Watoto wakaziba masikio.

Shangazi akaingia nyuma ya pazia, na aliyoyasema yalisikika ukumbi mzima.

"Bhavini! Mwambie huyu kijana gitaa si adui yake. Anyamaze kwanza, asikilize."

Bhavini, kutoka upande wetu, akatafsiri kwa sauti, wala hakupunguza neno.

Kisha Shangazi akasimama katikati ya ukumbi akaanza buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huimbiana harusini, mmoja akighani na wengine wakiitikia kwa makofi. Bhavini akaweka vijiti chini akapiga kwa viganja. Nyuma ya pazia kimya. Nikadhani wameudhika, wameondoka. Halafu besi ikaingia, nzito, taratibu. Baadaye gitaa, noti moja moja, pale tu makofi yalipopumua. Mama mmoja akainuka, kisha wa pili, na mwisho nikainuka mimi bibi harusi, niliyeambiwa nitulie kwenye kiti changu, nikacheza.

Nilipokuwa naondoka, nimeshajifunika, nilimkuta Oliver kwenye ngazi za nyuma na sahani ya wali na nyama ya mbuzi. Hajaigusa. Aliniuliza kwa Kiingereza kama wangeweza kuja tena kwenye harusi nyingine.

"Harusi ya nani?" nikamuuliza.

"Ya yeyote yule," akasema.

Kwa karibu miaka mitatu walipiga kwenye harusi zetu, nyuma ya pazia, na kwenye harusi za Masingasinga upande wa kina Tejinder, ambako pazia halikuhitajika. Kwenye harusi hizo zote ndiko Oliver alikojifunza kuimba bila kupiga mayowe. Nyimbo alizotunga wakati huo zilikuwa nyepesi, zina nafasi ndani yake, na karibu zote zilitembea kwa makofi.

Walipoamua kurekodi tena, walimwomba Shangazi na wenzake waje kwenye gereji ya Tejinder kuwapigia makofi. Wanaume wakatoka, Bhavini akabaki kwenye mashine ya kurekodi. Wanawake wakapiga makofi, wakanogewa, wakaimba, wakasahau kabisa kwamba kuna maikrofoni. Bhavini aliniambia hajapata kusikia kitu kizuri namna ile. Kampuni moja ya London ikasikia sampuli yenye sauti zile, ikasema wimbo ule ndio utakaowafungulia milango yote.

Bhavini akaja kwa Shangazi kuomba ruhusa ya kuzitumia. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemimina chai.

"Makofi chukueni," Shangazi akasema. "Sauti hapana. Sisi tuliimbiana wenyewe kwa wenyewe, hatukuiimbia redio."

"Mama, hakuna atakayejua ni nyinyi."

"Sisi tutajua."

Bhavini akamaliza chai yake. "Nimekuelewa, mama," akasema.

Kampuni ikajibu kwamba bila zile sauti haina haja nao. Hebu fikiria: watu walioachwa mara moja, wanakaribia miaka arubaini, mlango umefunguliwa kidogo mbele yao, na kinachotakiwa ni kufumba jicho tu. Tejinder alinisimulia kwamba Oliver hakubishana hata kidogo. Alizifuta zile sauti mbele yao, akafuta na nakala, akasema, "Haya, tuanze upya." Jumamosi iliyofuata walikuwa nyuma ya pazia kwenye harusi ya binamu yangu Fosia, na kama walikuwa na huzuni, sisi hatukuisikia kwenye muziki.

Wakarekodi upya humo humo gerejini, kina Shangazi wakiwapigia makofi tu, kisha wakautoa wimbo bila kampuni. Redio ya mji ikaupiga, kisha nyingine, kisha nchi nzima. Niliusikia nikiwa kazini, nikasimama na mafaili mkononi mpaka ulipokwisha. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wakijaza kumbi za Manchester, Glasgow, hata Berlin. Wakiulizwa makofi yametoka wapi, husema Small Heath, basi. Hawajawahi kutaja jina la mtu.

Kiangazi kilichopita walipiga bure bustanini hapa mtaani, mchana, ili kina mama na watoto waweze kuja. Bustani ilifurika. Shangazi alikaa mbele kwenye kiti cha kukunja, na wimbo ule ulipoanza, maelfu ya watu wakapiga makofi kwa mpigo wa Garissa, Wazungu, Wapakistani, Wasomali, wote. Oliver akaacha kuimba akasikiliza. Nililia, sioni aibu kusema.

Baadaye wote watatu walishuka kumsalimu. Oliver alikuwa amejifunza sentensi moja ya Kiswahili.

"Mama, umefurahi?"

"Nimefurahi sana, mwanangu," Shangazi akamjibu. "Umeoa?"

Bhavini alicheka mpaka akashindwa kutafsiri, ikabidi nimweleze mimi. Oliver akawa mwekundu, akasema bado. Shangazi akavuta kiti kingine, akamwambia aketi.