Makochi Yasiyo na Mwenyewe

Bandari ya Goma waliijenga Wabelgiji kwa ajili ya magunia, si kwa ajili ya watu. Asumini alilijua hilo tangu utotoni, maana babu yake, aliyeletwa kutoka Maniema kubeba kahawa, alikuwa haachi kusimulia: mvua ikinyesha, kahawa iliingizwa bandani na wapagazi waliachwa nje. Wabelgiji wameondoka, banda limeota kutu, lakini desturi yao imebaki na afya njema. Siku ile ya mwisho ya boti kwenda Bukavu, mizinga ikisikika kutoka upande wa Sake, ndani ya banda yalikaa makochi saba ya ngozi, friza mbili na televisheni yenye upana wa mlango. Watu walikuwa nje.

Asumini ndiye aliyeandika manifesti, ile orodha ya majina ya abiria. Kazi ndogo, lakini siku hiyo kila mtu alimwita "mama mukubwa", hata wale ambao juzi walimpita bila salamu. Tangu boti moja izame mbele ya gati la Kituku watu wakitazama kwa macho yao, mkuu wa bandari, mzee Védaste, alikuwa na sheria mbili tu. Kwanza, kila jina na jaketi lake la kuokolea: majaketi sitini, majina sitini, basi. Pili, jina huitwa kwa sauti mlangoni pa boti, mara tatu, na mwenyewe hujibu kwa mdomo wake. Mkono haukukubalika, kwa sababu zamani mkono mmoja ulipandisha watu watatu.

Sasa sikia maajabu. Ishirini kati ya majaketi hayo yalikuwa yamefungwa kwenye makochi. Naam, kwenye makochi! Dereva aliyeyaleta aliyazungushia majaketi ili ngozi isikwaruzwe, na mwenye boti akaridhia kwa simu, bahasha ikiwa imeshatangulia. Kochi likapata jaketi, mtoto wa mkimbizi akakosa. Orodha ya Asumini ikaishia jina la arobaini, na watu ishirini na mmoja wakabaki pembeni wakisubiri huruma. Wa mwisho wao alikuwa Mama Nasiba, mama yake mzazi, mgonjwa wa sukari. Dawa yake mjini ilikwisha tangu Jumatatu, na Bukavu alikuwako mtoto wake mwingine, muuguzi, aliyemwekea akiba. Asumini alimweka wa mwisho kwa sababu alifika wa mwisho, na hakutaka watu waseme kwamba amempendelea. Sasa alijuta kwa roho yake yote.

Jina la arobaini lilikuwa Kambere. Kambere ni jina la yule dereva, ila dereva alishusha mizigo akaondoka na lori lake. Aliyeleta tiketi alikuwa jitu la kitambi, miwani ya jua, barakoa, na kofia ya sufu iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Alinyoosha tiketi bila neno. Asumini alipokawia kuisoma, jitu likainama na kumhimiza kwa kunong'ona, "Vite, mama, vite. Boti itatuacha."

Kalamu ikamtoka Asumini mkononi. Sauti ile! Nani Goma nzima asiyeijua sauti ile? Wiki mbili mfululizo, asubuhi na jioni, ilinguruma redioni: "Goma haiendi popote! Mwenye kukimbia ni muoga! Mukimuona ku bandari, mumukamate, mumutupe mu ziwa!" Papa Magloire mwenyewe, tajiri wa unga, mzalendo wa kipaza sauti. Bunagana, mji wa mpakani, ilibadilisha wakubwa mara kadhaa, lakini malori yake hayakuwahi kulala njiani, kwani alimjua kila aliyeshika kizuizi na alichopenda kula. Barabara zilipofungwa, akauza unga wa jana kwa bei ya kesho. Watu wakikimbia, nani atanunua? Ndiyo maana akawahubiria ushujaa, hadi ghala lilipokuwa tupu. Leo ghala lilikuwa tupu.

Na watu walimsikiliza, ndilo lililouma. Kasoki, mama wa Butembo aliyeuza viazi mtaani Keshero, alikuwa pale na watoto wawili na sufuria kichwani. Tangu asubuhi alikuwa akisema bila kuchoka, "Juzi boti zilikuwa tatu. Miye nikabaki juu ya maneno ya ule mutu wa radio. Nikimupata, nitamutupa mu ziwa miye mwenyewe, na kitambi yake!" Watu wakaitikia, na haikuwa kwa mzaha.

Mzee Védaste akaja kukagua. Akayazunguka makochi, akavuta kamba ya jaketi moja, akauliza kwa sauti ya kusikika bandari nzima, "Bintu hii ni ya nani?"

Asumini akafungua daftari, ingawa jibu alilijua. Dereva alikataa kuandikisha jina. "Haina jina, papa."

"Mwenyewe eko wapi? Aseme sasa, iandikwe, ipakiwe. Kama hakuna mwenyewe, ibaki."

Neno moja tu, "yangu", lingetosha. Papa Magloire alitazama ziwa kana kwamba hajawahi kuona maji. Kasoki alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Waswahili walisema mficha uchi hazai, na huyu alificha uchi, jina na sauti kwa pamoja.

"Mufungue majaketi," akasema Védaste.

Wapagazi wakayafungua haraka kuliko walivyopata kufungua kitu maishani. Asumini akaandika hadi kidole kikamuuma: Kasoki na watoto wake wawili, bibi wa Sake, wengine, hadi jina la sitini. Akabaki mtu mmoja bila jaketi. Mama yake alijifunga kitenge vizuri akasema, "Si kitu, mutoto wangu, nitarudia nyumbani." Asumini alitaka kulia na kutukana kwa wakati mmoja.

Ukaja wito. Mmoja mmoja waliitikia "Prezan!" wakaingia, wakavaa majaketi. Likafika jina la arobaini.

"Kambere!"

Jitu likanyoosha mkono.

"Sauti, papa," akasema Védaste. "Hapa mukono hausemi."

"Kambere!"

Papa Magloire akakohoa, akaonyesha koo lake, akajitia bubu. Mlangoni Kasoki, aliyesubiri zamu yake, aligeuka, akamkazia macho.

Asumini angeweza kuharakisha. Hakuharakisha. Alimpa muda wa kutosha kuwa mwanamume, akaita mara ya tatu polepole, tena kwa adabu. "Kambere."

Mdomo uliokuwa haufungwi kwa wiki mbili, leo uligoma kufunguka. Asumini akapiga mstari juu ya jina lile, na juu yake akaandika Nasiba. Mama yake aliitikia kwa sauti nyembamba, akapanda bila kuacha mkono wa bintiye hadi ilipobidi. Asumini hakumwonea yule tajiri huruma hata chembe.

Boti ilipokwisha kupotea nyuma ya mlima, mvua ikaanza. Wapagazi wakakimbilia bandani, wakajitupa kwenye makochi ya ngozi na miguu yao ya matope, wakanyoosha viungo. Mtu wa barakoa alibaki nje akilowa. Hatimaye akasogea hadi mlangoni, akavua miwani iliyojaa maji.

"Mama," akasema, "boti ingine ni saa ngapi?"

"Hakuna ingine, papa," Asumini akajibu. "Ile ilikuwa ya mwisho."

Kwenye makochi, wapagazi wote waligeuza vichwa kuitazama sauti ile ya redioni.