Nepi za Watu Wazima

Oda ilikuwa nono: nepi mia mbili za kitambaa, za kufua na kuvaa tena. Aliyeileta ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kusindika kuku, mwanamume wa shati lililonyooka kwa pasi mpaka kwenye kola. Fundi, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa cherehani moja, alifungua daftari lake la vipimo.

"Watoto wa umri gani?"

"Si watoto," msimamizi akajibu, macho kwenye simu. "Kiuno chukulia kama chako. Nyingine ongeza kidogo."

"Ni za hospitali?"

"Mama, wewe shona tu."

Fundi akajiambia labda ni za wazee wasiojiweza. Akashona mbili za mfano. Jioni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipita kupumzisha miguu kabla ya kwenda nyumbani, kama kawaida yake. Alikuwa mkataji kuku kwenye kiwanda hichohicho. Alipoziona zile nepi mezani, aliinua moja, akaigeuzageuza.

"Kumbe wamekupa wewe," akasema.

Ndipo akaeleza. Tangu mashine mpya zifungwe, mkanda wa kuku hausimami. Choo kimetiwa kufuli, ufunguo anao msimamizi. Ruhusa ni mara moja kwa zamu; anayeomba mara ya pili anarudishwa nyumbani. Wanawake wawili walishajikojolea wamesimama, kisu mkononi, nyama mbele yao.

"Badala ya kufungua mlango, wameona watuvishe." Akacheka kicheko kikavu. "Mimi tangu alfajiri sinywi maji, wifi. Kiuno kinaniwaka moto."

Fundi alitoka nje, akainama ukutani, akatapika.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Kamati ya Haki na Amani ya kanisa lao kukaa, naye alikuwa mjumbe. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa akisifu fulana nyeupe za matembezi ya amani. Zilitolewa na mwenye kiwanda cha kuku. Fundi akachomoa nepi mkobani, akaitandaza kando ya sahani ya biskuti.

Mwenyekiti alirudisha kiti nyuma. "Toa uchafu huo! Tunakula."

"Haijavaliwa bado," fundi akasema, kisha akawasimulia yote.

Mwenyekiti akafuta makombo mdomoni taratibu. "Mwenye kiwanda ni muumini mwenzetu. Mambo haya yana njia zake. Kwa sasa tufunike kombe mwanaharamu apite, na tumweke kwenye maombi."

"Kombe lenyewe limejaa mkojo, Mwalimu. Na Mungu hana haja ya kukumbushwa choo kiko wapi. Twende kwa mwenye ufunguo."

Wajumbe wakaangalia viatu vyao. Aliyeinuka ni mmoja tu, muuguzi wa zahanati. "Mwezi huu nimetibu wanawake kumi na tisa wenye maambukizi ya mkojo," akasema. "Wote wa kiwanda kile. Nikawa nawaambia wanywe maji zaidi. Mjinga mimi!"

Jumatatu fundi alirudisha oda. Msimamizi hata hakukasirika. "Atashona mwingine," akasema, na kweli alipatikana, mtaa wa pili tu.

Basi kila alfajiri, fundi na muuguzi wakasimama getini na ndoo za maji safi. Wanawake walipokuja zamu, wawili hao waliwaombea, kisha wakawapa vikombe. Mwanzoni walikunywa wachache, kwa woga. Wifi ndiye aliyewashawishi wenzake majumbani na njiani, mpaka siku ya tano wakanywa wote, vikombe viwiliviwili.

Saa nne asubuhi ya siku hiyo wanawake thelathini waliweka visu chini kwa pamoja, wakaenda kusimama mbele ya mlango wenye kufuli. Wakasali Baba Yetu kwa sauti. Walipomaliza, wakaanza tena. Nyuma yao mkanda uliendelea kuleta kuku, kuku wakarundikana na kudondoka sakafuni. Msimamizi alitukana, akatishia, akapiga simu. Mwishowe akaja na ufunguo, uso ameugeuzia pembeni.

Wiki hiyohiyo afisa kazi alikuja, barua ya muuguzi mkononi, akaamuru kufuli liondolewe. Likaondolewa. Wiki mbili baadaye wifi na wenzake kumi na mmoja wakafukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Matembezi ya amani yalifanyika vilevile. Mwenye kiwanda alitangulia mbele, fulana nyeupe imembana tumbo, na Mwenyekiti akimshikia mwavuli. Walipopita mbele ya kibanda cha fundi, Mwenyekiti alimpungia.

"Mama, jiunge nasi! Leo ni siku ya amani!"

Fundi alitema mate mavumbini, mbele ya macho yao, akafunga mlango. Ndani, wanawake kumi na wawili walikuwa wamebanana kwenye mikeka, muuguzi akiandika malalamiko yao ya kupeleka mahakama ya kazi. Wifi, aliyekuwa akimtajia majina ya walalamikiwa, alikuwa amefika kwenye la msimamizi.

"Liandike lote," fundi akasema, akaketi kati yao. "Na la mwenye kiwanda lianze."