Mbwa Mweupe Katika Karai la Dobi

Mjukuu wangu ana babu wawili, kama walivyo watoto wengi, na kwa muda mrefu jambo hilo halikuniudhi hata kidogo. Mimi ni baba wa baba yake. Yule mwingine ni baba wa mama yake: mtu mnene, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni, aliyejijenga kwa duka la vifaa vya ujenzi. Kwa sababu hiyo mtoto, tangu alipoanza kusema, alimwita Babu Misumari. Mimi aliniita Babu, basi, bila nyongeza. Niliuhesabu ufupi huo kuwa cheo. Babu mwenye nyongeza ni babu wa pili.

Kisha Babu Misumari akamnunulia mbwa.

Alikuwa kijibwa cheupe, manyoya yamemfunika mpaka machoni, mkia hautulii. Mtoto akamwita Pamba. Tangu siku hiyo mambo yangu yakaanza kuharibika. Mimi nilikuwa dobi mkuu wa hospitali mpaka nilipostaafu, na kila Jumamosi mjukuu wangu alipoletwa kwetu tulikuwa tukikunja mashuka pamoja: yeye ameshika pembe mbili, mimi pembe mbili, tunavuta, tunakung'uta, tunasogeleana mpaka vidole vinagusana. Sijapata kuona mtoto wa umri wake anayekunja shuka kwa unyoofu ule. Sasa Pamba akibweka uani, pembe mbili zaanguka sakafuni, nami nabaki nimeshika zangu kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Hilo ningelivumilia. Lililonichoma lilikuja baadaye, mezani.

"Babu amesema Pamba asipewe mifupa ya kuku," mtoto alisema.

"Mimi sikusema hivyo."

"Si wewe. Babu."

Yule bwana alikuwa amevuliwa misumari yake, na mimi ndiye niliyehitaji sasa kutofautishwa.

Mke wangu hakunificha aliyoyaona. "Mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, unamwonea mbwa wivu!"

"Simwonei mbwa," nilimjibu. "Namwonea aliyemleta."

"Haya, hapo angalau umepanda daraja," alisema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Shule zikafungwa. Likizo zote mtoto huyu alizimaliza kwetu. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipoacha kunyonya. Safari hii mama yake alisema kwamba binti amekua, achague mwenyewe. Babu Misumari angepita kwetu Jumamosi alasiri na gari lake, na mtoto akitaka angekwenda naye, kwenye nyumba yenye uwanja mpana wa kukimbiza mbwa. Asubuhi hiyo aliletwa na begi la nguo na Pamba. Nilimuuliza ameamua nini, akasema bado. Lakini begi hakulipeleka chumbani. Aliliacha mlangoni, nami nililipita mara kadhaa nikiwa na hamu ya kulisukuma ndani kwa mguu.

Kabla ya adhuhuri Pamba akaingia katika gunia la mkaa lililokuwa nyuma ya jiko. Alipotoka, weupe wake ulikuwa umebaki menoni peke yake. Mtoto alipiga yowe, akakimbilia simu ya bibi yake.

"Unampigia nani?"

"Babu."

Sikuuliza yupi.

"Yeye ndiye anajua kumwogesha," aliendelea. "Pamba hajawahi kuogeshwa nyumbani. Babu alisema siku ya kwanza nimsubiri. Amenipa na sabuni yake, ona." Akanionyesha chupa yenye picha ya mbwa anayecheka.

"Weka simu chini," nilisema. "Mashuka ya wodi zote yamepita katika mikono hii. Yalikuja na damu, yalikuja na dawa, yalikuja na mambo ambayo hupaswi kuambiwa, na yakatoka meupe hata daktari akaona haya kuyakalia. Leo nishindwe na mkaa wa kijibwa?"

"Lakini Babu, Pamba si shuka."

"Vyeupe vyote ni ndugu."

Mtoto alinitazama, akamtazama mbwa, akairudisha simu mezani. Nilihisi ushindi, na ushindi humlevya mtu haraka kuliko pombe.

Nilitengeneza mahali pa kazi kama inavyostahili. Karai kubwa nililiweka uani, penye kivuli cha ukuta, kando yake ndoo za maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko. Sabuni ya kipande niliikwangua kwa kisu mpaka ikawa laini kama unga. Ile chupa yenye mbwa anayecheka niliiweka dirishani, nikaigeuza iutazame ukuta. Mke wangu akaleta kigoda chake, akaketi.

"Umekuja kusaidia?" nilimuuliza.

"Nimekuja kutazama. Huyu bwana," alimwambia mjukuu wetu, "hajawahi kumwogesha hata mmoja wa watoto wake."

"Watoto walikuwa na mama yao."

"Na mbwa ana Babu Misumari. Endelea, fundi."

Nilimtia Pamba majini. Alipolowa, nusu yake ilitoweka. Chini ya manyoya yote yale palikuwa na kiumbe kidogo kuliko paka, mbavu zinahesabika, macho yametoka, anatetemeka mwili mzima. Akajikung'uta, akatulowesha sote, kisha kwa mruko mmoja akanipanda kifuani na kuzitia kucha zake katika ukosi wa shati langu.

"Mshike chini ya kifua, usimbane," mtoto alisema. "Babu Misumari ndivyo anavyomshika."

Nilimshika chini ya kifua. Ilikuwa sawasawa kabisa, na huko kuwa sawasawa kuliniudhi mno.

Hata hivyo Pamba alitulia. Moyo wake ulikuwa ukigonga kiganjani mwangu kama cherehani ya mshonaji mwenye haraka. Kisha ukapunguza mwendo. Akaipenyeza pua yake chini ya kidevu changu. Nilijikuta nikimwambia polepole maneno niliyokuwa nikimwambia baba wa mtoto huyu alipokuwa mdogo, akishikwa na homa. Nilimsugua mgongo, makwapa, nyayo, na nyuma ya masikio bila tone kuingia ndani. Maji yakatoka meusi, yakatoka ya kijivu, yakatoka safi. Hapo kazi ilikuwa imekwisha, na mtu asiye na kijicho angefunika karai na kushukuru.

Lakini mimi sikutaka mbwa safi. Nilitaka Babu Misumari ashuke garini amkute mbwa mweupe kuliko siku aliyomnunua. Na katika kazi yetu, nguo nyeupe haijakamilika mpaka ipitishwe katika maji ya buluu. Buluu kidogo huua ule umanjano ambao jicho la mtu wa kawaida halioni; bila buluu, shuka ni safi lakini halina heshima. Nikakichukua kikopo changu rafuni.

"Hiyo ni nini, Babu?"

"Hiyo ndiyo siri ya weupe. Huko kwenye misumari hawaijui."

Nikatia. Ole wangu, mkono uliozoea mapipa ya mashuka mia haukumuuliza mwenyewe kipimo cha mbwa mmoja. Isitoshe, kitambaa huyapitisha maji yale na kuyaachia, lakini manyoya huyanywa. Pale kivulini, akiwa amelowa, sikuona kitu. Nilimfunga taulo, nikamkausha magotini pangu, kisha nikamtoa juani.

"Babu," mtoto aliita.

"Naam."

"Pamba amekuwa rangi ya mbingu."

Mke wangu aliinuka kigodani ili apate nafasi ya kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimrudisha mbwa karaini, nikamsuuza, nikamsuuza tena. Ubuluu ulififia kidogo, ukagoma. Niliinunua buluu nzuri, na sifa ya buluu nzuri ni kutotoka.

"Itakwisha akiogeshwa mara nyingine na nyingine," nilisema.

Mtoto hakucheka. "Ungemsubiri Babu. Kwa nini hukutaka kumsubiri?"

Jibu nilikuwa nalo, na halikuwa jibu la kumpa mtoto. Alilichukua begi lake, akaketi kizingitini, uso ukiielekea barabara.

Babu Misumari alifika kicheko kikiwa tayari kinywani. Alipomwona Pamba, akapata pa kukitumia.

"Mkwe! Mimi nimeleta mbwa, wewe umeshamwandikisha shule? Mbona amevaa sare?"

"Karibu, mkwe," nilisema. "Karibu kiti."

"Nikae, nawe unaweza kunitia rangi? Nisimame tu!"

Mke wangu alimletea maji, huku akijiuma midomo. Mtoto alisimama na begi lake. "Nakwenda na wewe," alimwambia yule bwana. Alisema wazi, bila kunitazama, kama nilivyomfundisha mwenyewe kwamba jambo likishaamuliwa lisemwe wazi. Nilishusha macho. Magotini mwangu alikuwa Pamba, amejikunja katika lile taulo.

"Njoo, bwana mdogo," Babu Misumari alimwita, akapiga mluzi, akafungua mlango wa gari.

Pamba hakuinuka. Aliitwa tena kwa jina, akaonyeshwa kipande cha mkate. Akaingiza kichwa chake cha buluu kwapani mwangu. Mtoto alipomvuta, kucha zilishika shati langu na sauti nyembamba ikatoka, ya kilio kabisa. Kicheko cha mkwe wangu kikakatika katikati.

"Mbwa huyu nimemlisha kwa mkono wangu kabla sijamleta," alisema. "Mimi ndiye niliyemchagua katika wenzake wote."

Niliijua sauti ile. Nilikuwa nayo kooni tangu mbwa huyo alipokanyaga nyumba yetu. Nikamtazama mtoto: midomo yake ilikuwa inacheza.

"Anakupenda wewe kuliko mimi," aliniambia.

Na uso ule pia niliujua. Nilikuwa nikiunyoa ndevu kila asubuhi.

Nilielewa kwamba nimeshinda. Sikuhitaji tena kufanya lolote, nilihitaji kukaa tu. Gari halingeondoka na mbwa, na mtoto hangeondoka bila mbwa. Nilikaa. Sitasema kwamba sikuufurahia ukaaji ule. Niliufurahia kama mtu anayenyoosha miguu baada ya safari. Babu Misumari aligeuza glasi yake mkononi. Mtoto, baada ya kitambo, aliliweka begi chini.

"Basi nitabaki," alisema. "Siwezi kumwacha Pamba."

Alisema hivyo kwa sauti ya mwanafunzi aliyeambiwa asimame pembeni mpaka kengele ilie. Nilikuwa nimetamani mwezi mzima kusikia neno "nitabaki", na sasa lilikuwa limefika mbele yangu, na halikuwa langu. Mimi nimekuwa mkali kwa watu wengi, lakini sijapata kuwa adhabu ya mjukuu wangu, wala sikuona sababu ya kuanza nikiwa na umri huu.

Nikasimama, nikaanza kufungua vifungo vya shati.

"Mzee!" mke wangu alishtuka. "Mbele ya mkwe!"

Alikuwa na haki ya kushtuka. Tangu watoto wetu walipooana, bwana yule hakuwahi kuniona ila katika shati lililopigwa pasi mpaka ukosini. Sasa alinitazama nikiwa na fulana, mikono yangu myembamba nje, nikimzungushia mbwa shati langu bila kumtoa kifuani, ili asihisi kwamba amebadilishiwa mtu.

"Tangulia garini," nilimwambia mtoto. "Unganisha magoti. Mkono mmoja chini ya kifua chake, wa pili mgongoni. Usimbane."

Alifanya hivyo. Nikamweka Pamba mapajani pake pamoja na lile shati langu. Akalia, akanusa ukosi, akalia tena, kwa sauti ndogo zaidi, akalaza kichwa.

"Akilia njiani?"

"Mwachie shati."

"Na likichafuka?"

"Usilifue," nilisema. Katika maisha yangu yote ya kazi, neno hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Babu Misumari aliwasha gari, kisha akachungulia dirishani. Hakuwa anacheka. "Nitamtunza, mkwe."

"Yupi?"

"Wote wawili."

Sikuipenda namna alivyosema wote wawili. Gari likatoka. Nilisimama nikingoja mtoto anipungie mkono, kama afanyavyo sikuzote mpaka kwenye kona. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika mbwa kwa jinsi nilivyomwelekeza, na mtoto yule ni msikivu. Aliinamisha kichwa kwake, akawa anamwambia jambo. Sikulisikia. Babu Misumari, aliyeketi karibu naye, bila shaka alilisikia.

Mke wangu alikuja akasimama ubavuni pangu.

"Haya, mzee wangu. Wivu umekwisha?"

"Haujakwisha," nilimwambia. "Asubuhi nilimwonea kwa sababu ya mtoto. Sasa namwonea na kwa sababu ya mbwa."

Alinishika mkono, akanigeuza kuelekea ndani. "Twende ukavae shati," alisema, "majirani wanapita."