Salamu za Mwenye Tenti

"Weka chini hilo bomba, Baba Kavinya. Sikuombi, nakwambia."

"Na wewe toka mlangoni. Watu wa Bwire wananingoja."

"Wangoje. Daktari alisema wiki mbili usiinue hata ndoo. Leo ni siku ya tano."

"Daktari hajui kwamba Bwire amefiwa na babake."

"Na mwenye lori, naye hajui?"

Hapo Musyoka alisimama, bomba la chuma likiwa limelala begani kama bunduki ya askari mchovu. Mwenye lori alikuwa amesema waziwazi. Safari ya saruji ya kwenda Kitui ni Jumatatu ya wiki ijayo, na Musyoka akiikosa kama alivyozikosa zile mbili za mwezi uliopita, ufunguo atapewa dereva mwingine. Miaka kumi na sita ya usukani ilikuwa imening'inia kwenye pingili mbili za uti wa mgongo. Mshahara wa mkewe Muthoki wa ukarani wa shule ulitosha kodi na unga. Chuo cha binti yao Kavinya kililipwa na lori.

"Nitapiga vigingi viwili tu," Musyoka alisema. "Vingine watapiga wao."

"Ulisema hivyo kwa kina Patrobas. Ukarudi umekunjika kama chapati."

"Mama Kavinya, wewe unataka niwaambie watu wenye msiba nini? Kwamba mke wangu amekataa?"

"Waambie mgongo umekataa. Mgongo hauoni haya."

Alimpita kwa ubavu, akatoka. Muthoki akabaki kwenye ushoroba akiyatazama mabomba ishirini na moja ya hema yaliyobaki. Yalianzia sebuleni, yakafuata ukuta, yakaingia bafuni hatua moja hivi, kama mtu anayechungulia. Ndiyo sababu mlango wa bafu ulikuwa haujafungwa kwa miezi kumi na moja. Aliyekuwa akioga alilazimika kuimba, na Musyoka alijua wimbo mmoja tu. Turubai lenyewe lilikuwa chini ya kitanda cha Kavinya. Lilikuwa limekiinua hata binti akija likizo hulala pua ikikaribia kusalimiana na dari.

Ilianza kanisani. Akina mama walikuwa wakichanga pesa za paa jipya, wakatengeneza bahati nasibu. Muthoki alinunua tikiti tatu kwa sababu mwenyekiti wao alisimama mlangoni na daftari, na hakukuwa na mlango mwingine. Kama kuna kitu alichokitamani ni zawadi ya pili, jiko la gesi la meko manne. Jiko lilikwenda kwa Nzivo, kijana asiye na mke anayekula kibandani asubuhi na jioni, ambaye mpaka leo analitumia kuanikia soksi. Muthoki akaitwa mwishoni kabisa, kanisa zima likipiga vigelegele, akaonyeshwa hema la watu mia moja, na vyuma vyake, na kamba zake, na nyundo ya kilo sita.

Siku ya tatu alimwendea Mchungaji Muindi kulirudisha.

"Mama, zawadi hii imeombewa," Mchungaji alimwambia. "Kurudisha baraka si jambo dogo."

"Basi iwekeni kwa stoo ya kanisa, baraka ikae karibu na mwenyewe."

"Stoo imejaa ngoma za kwaya."

Siku ya nne mtu alikufa upande wa pili wa mtaa, na hema likaombwa. Lilirudi baada ya siku sita. Kabla halijakauka likaombwa tena. Hakuna aliyelipa, na hakuna aliyedhani kuna cha kulipwa, maana Mama Kavinya alilipata bure. Wakija kuliomba waliliita tenti yetu. Lilipopasuka pembe kule kwa kina Patrobas, walikuja kusema tenti yenu imepasuka. Bibi harusi mmoja aliletewa hema hilo na wajomba zake, akalinusa, akasema linanuka machozi ya watu, akaenda kukodi jingine jekundu.

Muthoki alijaribu kuliuza. Mtu alikuja kutoka mtaa wa Lucky Summer na gari la mizigo, mtu wa maana, akaanza kuhesabu mabomba. Hakuwa amefika kumi, majirani watatu wakawa wamesimama getini. Wakamuuliza kwa upole anaipeleka wapi tenti yetu. Mmoja akamweleza kwamba kwenye nyumba ya tisa kuna mzee ambaye hali yake si nzuri kabisa, kwa hivyo kama angeweza kungoja kidogo. Yule mnunuzi aliitazama nyumba ya tisa. Mzee mwenyewe alikuwa barazani akinywa uji, akampungia mkono. Mtu wa Lucky Summer akapanda gari lake akaenda.

Haya yote Muthoki angeyavumilia. Lililomshinda ni kwamba mumewe alilipenda lile hema.

Miaka kumi na sita Musyoka alikuwa dereva tu. Kwenye mikutano ya mtaa alikaa nyuma karibu na ukuta, na hakuna aliyemuuliza anaonaje. Hema lilipoingia nyumbani, likamfungulia nafasi kwenye ratiba za misiba. Baada ya Mchungaji na kabla ya mwenyekiti wa mtaa, msema-chochote anayeongoza shughuli husema, "Sasa tutapata salamu kutoka kwa mwenye tenti yetu." Musyoka akanunua koti la kijivu. Akaanza kukusanya methali. Muthoki aliwahi kumkuta mbele ya kioo, akiwaambia watu wasiokuwepo kwamba haraka haraka haina baraka, mkono mmoja kifuani. Alirudi nyuma kimyakimya. Mwanzoni hata alifurahi, kwa kuwa mumewe alianza kutembea kama mtu anayetarajiwa mahali.

Lakini mwenye tenti hawezi kuketi wengine wakiisimamisha. Bomba moja lilipopindwa na watu wasiojua kazi, Musyoka aliapa atakuwa akisimamisha mwenyewe. Miezi kumi na moja, misiba kumi na tisa. Mgongo ulianza kulalamika kwenye wa kumi na mbili.

Kina Bwire walikuwa wamekuja na mkokoteni. Muthoki alivaa viatu, akafunga leso kiunoni, akashika bomba la pili. Kama ni lazima liende, basi atabeba yeye. Alibeba kumi na manane, akimpiga mumewe kikumbo kila alipoinama, na majirani wakasema tazama mama huyu anavyompenda marehemu.

Uwanjani, mbele ya nyumba ya Bwire, alimtazama akipiga kigingi cha kwanza. Nyundo ilipanda, ikashuka. Cha pili. Kwenye cha tatu Musyoka alisimama nusu, akabaki hapo akikishikilia kigingi kana kwamba anakichunguza. Uso ulikuwa umeroa jasho na jua lenyewe halikuwa kali. Bwire, fundi wa kiwanda cha sabuni, mtu mpole aliyejaa huzuni yake mwenyewe, aliuliza, "Kuna shida, mzee?"

"Ardhi ni ngumu," Musyoka alisema.

Saa tisa watu walijaa. Mchungaji akaomba. Khavere, mke wa Bwire, akaeleza jinsi mzee alivyougua kule Busia na siku watakayosafiri. Musyoka alikaa mstari wa mbele katika koti la kijivu, wima kama mtu aliyemeza fimbo. Muthoki, viti vitatu kando yake, aliona kwamba mikono yake ilikuwa imeshika kiti pande zote mbili.

Patrobas ndiye aliyekuwa akiendesha ratiba. "Sasa tutapata salamu kutoka kwa mwenye tenti yetu."

Musyoka alitabasamu. Hakuinuka.

"Mzee Musyoka, karibu."

Alitabasamu tena. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye plastiki ya kiti. Muthoki aliona bega likijaribu, likakataa, likajaribu tena. Watu wa nyuma walianza kunyoosha shingo. Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akidhani ni utani. Sekunde chache nyingine na mtaa mzima ungejua kwamba mtu wa koti la kijivu hawezi kusimama. Kesho mwenye lori angejua. Na yeye Musyoka, aliyekaa ukutani miaka yote hiyo, angerudi ukutani akiwa amebebwa.

Muthoki aliinuka. Alitembea hadi mbele, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Patrobas bila kuombwa.

"Bwana asifiwe. Mume wangu amenituma leo nisalimie kwa niaba yake. Mnamjua, yeye ana methali. Mimi sina, kwa hivyo nitasema haraka."

Watu wakacheka. Hakumtazama Musyoka.

"Anasema hivi. Tenti hii imelala kwetu miezi kumi na moja. Leo haitarudi. Mkimaliza kulia hapa, itabaki kwa Bwire. Nyumba nyingine ikipata msiba, itakuja kuichukua hapa, isimamishe yenyewe, na ikimaliza itabaki nayo ikingojea mwenzake. Aliyelia mwisho ndiye anayetunza. Hayo ndiyo maneno yake."

Patrobas akakaribia, akanong'ona, ila kipaza sauti kilimsikia. "Mama Kavinya, kuweka tenti ya matanga ndani ya nyumba, si ni kama kuita kifo?"

"Sisi tumekaa nayo tangu mwaka jana. Kuna aliyetuuliza kama tunaita?"

Mchungaji aliangalia viatu vyake.

"Na ikipasuka?" Khavere aliuliza kutoka kwenye viti vya wafiwa.

"Aliye nayo atashona. Sindano iko kwa mfuko wa kamba."

Bwire alimgeukia Musyoka. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana mzigo ulikuwa ukimwangukia yeye, na siku ya msiba wake. "Ni kweli, mzee? Wewe ndiye umesema?"

Uwanja wote ukamgeukia. Muthoki naye akamtazama sasa. Aliona hasira usoni mwa mumewe, hasira safi ya mtu aliyenyang'anywa kitu mchana mbele ya watu. Aliona pia vidole vilivyokuwa bado vimeshika kiti. Musyoka angeweza kumkana. Angesema tu hapana, na hema lingerudi jioni ile ile.

"Nimesema," Musyoka alisema.

Halafu, kwa kuwa alikuwa Musyoka, akaongeza palepale alipoketi, kwa sauti ya polepole ya mtu mkubwa, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tupokezane, tujue uzito."

Makofi yalianza nyuma, kwa wazee. Yakaja mbele taratibu, mengine ya shingo upande. Muthoki hakungoja yaishe. Aliuchukua mfuko wa kamba chini ya meza akauweka mapajani mwa Khavere. Aliiokota nyundo ya kilo sita akampa Bwire mikononi, akamwambia, "Pole sana, baba." Kisha akarudi mstari wa mbele, akapitisha mkono chini ya kwapa la mumewe.

"Inuka polepole. Niegemee. Usijikaze."

Aliinuka, koti likining'inia upande mmoja. Wakatoka katikati ya viti, hatua fupifupi, yeye akimbeba karibu nusu. Nyuma yao mtu alisema mzee ameguswa sana.

"Umeninyang'anya salamu zangu," Musyoka alisema walipofika getini kwao.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimetayarisha methali tatu."

"Utaniambia mbili zilizobaki ukiwa umelala chali, na utalala hivyo mpaka Jumatatu ya Kitui. Inua mguu, kuna ngazi hapa."