Kamba Mbele ya Jiwe la Minandi

Kila asubuhi Wegesa, mlinzi wa hifadhi ndogo ya ufukweni hapa Mugango, hufunga kamba mbele ya jiwe ambako minandi, wale ndege weusi wanaokula samaki, hulea makinda yao. Leo hakuwahi kukaza fundo. Basi la harusi kutoka Bunda lilisimama, akashuka mamdogo wake Lukresia na kundi la watu waliovaa sare.

"Mwanangu! Tunapiga picha moja tu, juu ya jiwe."

"Karibuni, mamdogo. Ila siku hizi wageni wamezidi, na ndege..."

"Mmesikia? Tumekaribishwa!" Lukresia aliinua kamba kwa mwavuli. "Twendeni upesi, suti ya bwana harusi ni ya kukodi."

Wegesa aliinamisha macho. Kwao mgeni hakatazwi, sembuse mamdogo. Watu wa kwanza walipokanyaga jiwe, minandi wote waliruka, na makinda wasio na manyoya wakabaki juani, midomo wazi.

Alikimbia akawapita, akageuka, akanyoosha mikono.

"Nimeona aibu kukukatalia, mamdogo. Sitaki mpande. Shukeni."